Kulia

Mwalimu Chengo alisimamisha kiunzi cha mifupa mbele ya darasa,
kiunzi cha plastiki, kidole cha shahada kimekatika
kikafungwa kwa plasta.
"Kulia ni wapi?" akauliza.
Sote tukanyoosha mikono, kila mtu upande wake.
"Mmekwisha kumuua mgonjwa," akasema.
"Kulia si kulia kwenu. Kulia ni kwake.
Andikeni kabla hamjasahau."

Niliandika.

Jioni nilisomea nyumbani, Sparki, kando ya kitanda cha baba,
kwa kuwa chumba chenye feni ni kimoja.
Nilisoma kwa sauti, kama mtoto wa chuoni anayerudia alifu:
mtulinga, kidari, mbavu jozi kumi na mbili,
ini kulia, wengu kushoto,
kongosho nyuma ya tumbo, limejilaza kama mtu anayekwepa kazi.
Kiwambo kikishuka, mapafu hujaa.
Kiwambo kikipanda, pumzi hutoka.
Baba akashusha pumzi.
Sijui kama alikuwa ananijibu.

Miaka ishirini na sita aliendesha winchi Kilindini.
Yeye ndiye aliyenifunza, kabla ya mwalimu yeyote,
kwamba pia ya goti ni pia kweli:
nilinyoosha mguu akaisukuma huku na huku kwa kidole gumba
nikacheka mpaka kwikwi.
Kwamba ndani ya uti wa mgongo mna ugwe,
na ugwe ukikatika, mzigo hauna mwenyewe.
Kwamba sikioni mna ngoma, na nyuma ya ngoma
mna nyundo, fuawe na kikuku.
"Ni karakana humo, Saumu. Usitie kijiti."

Mshipa mmoja, mwembamba kuliko uzi wa kushonea kofia,
uliziba kushoto mwa ubongo wake
Jumanne asubuhi, kiatu kimoja kikiwa mguuni.
Neva hupishana zikishuka shingoni:
za kushoto huenda kulia, za kulia huenda kushoto.
Nilikuwa nimeipata hiyo katika mtihani.
Basi mkono uliolala ni wa kulia.
Wa kulia,
yaani wa kulia wali.

Mama alipakua. Baba akautazama mkono wake wa kushoto, ule mzima,
kama mtu aliyebishiwa hodi na mdai.
Hakugusa sahani. Siku ya pili pia hakugusa.
"Mngu ajua udhuru wako," mama akamwambia.
Mungu anajua; lakini dirisha letu liko barabarani
na majirani wana macho.
"Kijiko?" nikasema.
Akageukia ukuta.

Siku ya tatu nilimwinua, nikamwekea mito mgongoni,
nikaketi mbele yake, uso kwa uso,
kama nilivyokaa mbele ya kile kiunzi.
Nikauchukua mkono wake, mzito kama mkono wa mtu mwingine:
bega, kiwiko, kifundo, kiganja.
Kitabu kinasema msuli wa mbele hukunja, wa nyuma hunyoosha,
mmoja ukivuta mwenziwe hulegea.
Hapa yote miwili ilikuwa imelegea.
Basi nikawa mimi ule msuli.
Nikavikusanya vidole vyake, gumba, shahada, cha kati,
nikavitumbukiza kwenye wali, nikafinya tonge dogo,
nikaupandisha mkono wake hadi kinywani mwake.

Ulimi ukasita. Koo likapanda.
Nikahesabu, nikisubiri kidakatonge,
kile kijani cha gegedu ambacho hakuna anayekikumbuka,
kifunike njia ya pumzi kama kilivyofunika
maelfu ya mara bila kushukuriwa.
Kikafunika.
Tonge likashuka.

Mama alikuwa mlangoni na kata mkononi. Yeye ndiye aliyelia.
Kulia huko Mwalimu Chengo hakutuambia ni kwa nani.

Baba akatafuna hewa, akalitafuta neno
pale yalipozama maneno yake siku tisa,
akalivuta polepole, nusu ya mdomo ikikataa:
"Chumvi."

Chumvi daktari amemkataza.